Mkanda wa Polisi

Wasee, kabla nianze, jibu swali moja kimoyomoyo. Mara ya mwisho ulipofunga mkanda kwenye gari, ulifunga kwa sababu gani? Usiniambie "usalama" juu unajua hilo ndilo jibu la mtihani. Niambie ukweli.

Acha nianze na wangu. Kwa miaka miwili na kitu nilikuwa nafunga mkanda kwa sababu ya polisi. Nikiona kizuizi mbele, mkono unaenda wenyewe. Na mkanda wa abiria wa mbele, ule wa kushoto, ulikuwa umekwama kabisa. Hauingii, hautoki. Lakini hatukuutengeneza, kwa sababu kazi yetu na ule mkanda ilikuwa moja tu: askari akichungulia dirishani aone kitu cheusi kimepita kifuani. Hiyo kazi ulikuwa unaifanya vizuri sana.

Nataka niwaambie siku ambayo hiyo kazi haikutosha. Ilikuwa Februari 2025, kwa Barabara ya Mombasa, karibu na Salama. Ndiyo, jina la mahali ni Salama. Najua.

Gari lenyewe ni la mathee. Salooni ya Kijapani ya mwaka 1998, kumaanisha gari linanizidi umri. Dirisha la nyuma linapanda ukilisaidia na kiganja. Redio inashika stesheni mbili. Lakini injini iko sawa, na mathee analipenda kama mtoto wa kwanza, cheo ambacho mimi nilidhani ni changu.

Mkanda uliharibika Desemba 2022, na aliyeuharibu ni mimi. Tulikuwa tunatoka Krismasi ushago, upande wa Sultan Hamud. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa mbele. Nikabamiza mlango mkanda ukiwa umening'inia nje. Tukaenda hivyo hadi Mlolongo, chuma cha mkanda kikigonga mlango tá-tá-tá njia nzima na mimi nikidhani ni barabara. Nilipofungua mlango, mkanda ulikuwa umekunjika katikati na umepakwa grisi ya bawaba. Badala ya kuunyoosha, nikauachilia urudi ndani ukiwa umekunjwa vile vile. Kesho yake nikauvuta, ukagoma. Nikauvuta kwa hasira, ukagoma zaidi. Nikaambia mathee, "Mkanda umekwama." Akasema, "Tutaangalia."

Kama umelelewa Kenya unajua "tutaangalia" ina maana gani.

Basi tukazoea. Kipande kama cha nusu mita kilikuwa kimebaki nje, kinalegea legea hapo kwa nguzo. Hakikufika kwa kufuli, lakini kilitosha kuvutwa kifuani na kushikwa na mkono karibu na paja. Kila aliyekaa pale mbele alifundishwa ile mbinu. Anti yangu anaijua. Marafiki zangu wa chuo wanaijua. Tulikuwa tunacheka. "Shika mkanda, askari wako mbele." Tukiwapita, unaachilia. Nilikuwa hata nimepanga kufanyia hiyo kitu video ya kuchekesha. Nashukuru Mungu sikuwahi kuirekodi.

Sasa, Susu.

Susu ni nyanya yangu, mamake mathee. Ana miaka sabini na kitu, ana kilo kama hamsini akiwa amevaa koti, na ana maneno ya mtu wa kilo mia. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa njiani. Alikuwa ameacha kuchambua ndengu mwenyewe kwa sababu hakuona tena mawe. Kwa mama wa Ukambani, hiyo si kitu kidogo. Alikuwa anapanga foleni ya upasuaji kwa miezi. Hatimaye akaitwa Nairobi. Tulienda kumchukua siku moja kabla ili alale kwetu, na asubuhi aende hospitali.

Alikaa mbele kwa sababu ya magoti. Mathee akakaa nyuma na gunia la ndengu, kama kilo ishirini, kwa sababu hakuna mtu huondoka kwa Susu mikono mitupu. Nikamfundisha Susu ile mbinu yetu. Nilimwambia, "Susu, huu mkanda haufungi. Ukisikia nimesema askari, uvute hivi, uushike hapa."

Akauliza, "Na nisipousikia wakati unasema?"

Nikacheka. Akauvuta papo hapo, akaushika kwa mikono miwili, na hakuuachilia. Nikamwambia, "Susu, si saa hizi, bado hatujafika kwa askari." Akasema hawezi kuwaona askari, kwa hivyo ataushika tu. Nilimuona kwa jicho la pembeni, mikono miwili imekunja ule mkanda kama mtu ameshika kamba ya mbuzi. Sikufikiria kitu. Niliongeza redio.

Kama hujui ile barabara, wacha nikueleze. Ukitoka Nairobi, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi zinaisha ukishapita njia panda ya Machakos. Kutoka hapo ni moja kwenda, moja kurudi, mlima na bonde, kwa sehemu kubwa ya njia hadi pwani. Na hiyo njia moja ndiyo inabeba malori ya mizigo ya bandari ya Mombasa, si ya Kenya peke yake, hata ya Uganda, Rwanda na mashariki mwa Congo. Lori lenye kontena likipanda mlima linatembea kama mtu anayeenda kanisani mapema. Nyuma yake kunapanga magari kumi, na kati ya hao kumi lazima kuna mmoja anayeamini ana haraka kuliko wote.

Sisi tulikuwa tunakuja upande wa Nairobi, tunakaribia Salama, mimi niko kama 70 kwa saa. Upande wa pili kulikuwa na lori, na nyuma ya lori msururu. Halafu gari moja likatoka kwa msururu likaja kwa njia yetu. Si kwamba lilichungulia likarudi. Lilikuja kabisa. Taa zimewaka, liko mbele yangu, na lori bado linajikokota pale kando.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, najua mguu mmoja haukuwa na kazi lakini ulienda. Nikavuta usukani kushoto, tairi mbili zikaingia kwa changarawe, gari likatetemeka, likasimama. Yule mwingine akapita. Hatukuguswa. Hakuna chuma kilichogonga chuma. Mtu angepita pale dakika moja baadaye angedhani tumesimama kuongea na simu.

Lakini ndani ya gari, Susu alikuwa chini.

Mkanda wangu ulinishika. Niliusikia ukikaza begani, paap, kama mtu mzima amenivuta nyuma. Wa Susu ulikuwa unashikwa na Susu. Na breki kali, hata bila kugonga kitu, inaweza kumsukuma mtu wa kilo hamsini mbele kama vile ameegemewa mgongoni na gunia la kilo arobaini. Hakuna mikono ya nyanya inaweza kushindana na hiyo. Uso wake ulipiga dashibodi, upande wa kulia. Mathee huko nyuma pia hakuwa amefunga, magoti yake yakaingia kwa kiti changu na ndengu zikamwagika sakafu yote.

Susu hakulia. Alikaa tena kwa kiti, akashika shavu, na jambo la kwanza alisema ni, "Mwana wakwa, nimeuachilia. Pole."

Aliniomba msamaha. Kwa kuachilia mkanda. Hiyo sentensi ndiyo sababu ninaandika hii kitu. Nimejaribu kuiandika mara tatu na kila mara nikifika hapo nafunga simu.

Tukaingia Salama polepole. Mathee akampeleka Susu kwa kliniki ndogo kando ya barabara. Mdomo ulikuwa umepasuka ndani, kifundo cha mkono kimeteguka, na uso ulikuwa umeanza kufura kuanzia shavu hadi chini ya jicho. Mimi nikabaki na gari, natetemeka, na sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikaona mzee mmoja wa jua kali ametandaza spana chini ya mti, anatengeneza kiti cha lori. Nikamwendea. Sikuweza kutengeneza uso wa Susu. Nilitaka kutengeneza kitu.

Nilimwamkia. Akauliza, "Mkanda umekwama tangu lini?"

Nikasema, "Tangu juzi."

Akainama, akaangalia mkanda, akaangalia vumbi lililoganda pale unapoingilia kwa nguzo, akasema bila hata kuinua kichwa, "Vumbi ya juzi haikuwangi hivi, mama."

Nikamwambia ukweli. Mlango, grisi, Desemba 2022. Akaitikia tu kwa kichwa, kama daktari ambaye ameshasikia hiyo stori mara mia. Halafu akaanza kazi, na alinifanya nishike vitu na kuangalia. Kwa hivyo sasa nitawaambia nilichoona, kwa sababu nadhani wengi wetu tunakalia hii mashine kila siku na hatuijui.

Mkanda wa gari hauna mota. Chini ya nguzo ya kati, nyuma ya kile kifuniko cha plastiki, kuna kidude cha chuma kinaitwa ritrakta. Ndani kuna gurudumu ambalo mkanda umeviringishwa, na ubavuni kuna springi bapa imejikunja kama ile ya saa ya zamani. Hiyo springi ndiyo inarudisha mkanda ndani. Halafu kuna sehemu ya kufunga. Kuna kauzito kadogo ndani, kwa zingine ni gololi ya chuma, ambako kanakaa pale katikati katulivu. Gari likisimama ghafla au likipinduka, hako kauzito kanasogea, kanainua kipini, kipini kinaingia kwa meno ya gurudumu, na mkanda unafunga. Hata gari likiwa limesimama, ukiuvuta mkanda kwa kishindo unafunga pia. Ndiyo maana ukivuta kwa hasira unagoma. Si kwamba umeharibika. Unafanya kazi yake. Unadhani umepata ajali.

Kitu cha kwanza fundi alifanya ni kuacha kuvuta. Alishika ule mkanda kwa vidole viwili, akausukuma urudi ndani kidogo, akauachilia, akauvuta polepole sana. Akasema mkanda mwingi "uliokwama" unatoka kwa hiyo peke yake, urudishe kidogo kwanza, halafu uombe kwa upole. Wetu ulikataa. Ulitoka kama inchi moja ukasimama.

Akachomoa kifuniko cha plastiki na bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa isikwaruze. Akafungua bolti ya juu na ya chini na spana namba 14. Zilikuwa zimekazwa sana, akaniambia hivyo ndivyo zinapaswa kuwa, hizo bolti ndizo zinakushika. Akatoa ritrakta nzima, na hapo nikajaribu kusaidia, nikaulaza kwa goti langu na kuvuta. Ukagoma kabisa. Nikasema, "Umekufa."

Akacheka. Akausimamisha wima, vile ulivyokuwa umekaa kwa gari. "Sasa vuta." Ukasogea kidogo. Akaulaza tena, ukafunga. Akausimamisha, ukaachia. Kumbe ule uzito wa ndani ukiinamishwa unaona kama gari linapinduka. Watu wengi wanatoa hiyo kitu, wanailaza mezani, wanaona imefunga, wanaitupa, wanaenda kununua nyingine bure.

Nikaona vile kifuniko cha ubavuni kina skrubu ndogo ndogo, nikauliza kama tunafungua hapo. Akanipiga mkono, kidogo tu, vile unampiga mtoto anayeshika sufuria ya moto. Hapo ndipo springi iko. Ikiruka, hutairudisha, na ukiirudisha vibaya mkanda hautakuwa na nguvu tena. Hapo hapafunguliwi.

Halafu akamulika kwa mwanya wa mkanda na tochi ya simu, akaniita nione. Pale ndani mkanda ulikuwa umekunjika mara mbili, upana wote, umebanwa kati ya gurudumu na ukuta wa chuma. Ndiyo hiyo tu. Ile kunjo niliyoiachilia irudi ndani Desemba 2022. Ilikuwa imekaa pale miaka miwili ikinisubiri.

Kuitoa kulichukua kama dakika kumi na tano. Alikuwa analegeza mkanda kidogo, anaingiza kijiti bapa cha mbao, si chuma, chuma kingekata nyuzi, anasukuma kunjo upande, anavuta unywele mmoja, anarudia. Ghafla ukatoka wote, swiii, mita nzima na zaidi. Akaubana na koleo kwa juu ili usirudi ndani. Akaukagua kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele na nyuma, akipitisha kidole gumba kwa kingo. Alikuwa anatafuta nyuzi zilizokatika. Akaniambia kama angepata mahali pamechanika, kazi ingeishia hapo na angeniambia ninunue mwingine. Mkanda hautiwi kiraka na haushonwi. Wetu ulikuwa mchafu na umekunjika, lakini mzima.

Akaomba maji ya uvuguvugu kwa mama wa hoteli pale jirani. Sabuni ya kawaida, brashi laini, anasugua kufuata urefu wa mkanda. Hakuna Jik, kwa sababu dawa ya kutoa madoa inakula nyuzi. Hakuna petroli. Na hakuna kupaka mafuta ati uteleze, mafuta yatashika vumbi na utarudi pale pale. Akafuta pia ile pete ya juu karibu na bega ambapo mkanda unapita. Ilikuwa na utando wa uchafu mweusi kama masizi. Alisema mikanda mingi inayorudi polepole haina ugonjwa mwingine isipokuwa hiyo pete.

Tukauacha ukauke kabisa kwa upepo, kivulini, kwa sababu ukirudishwa ndani na maji unashika ukungu na chuma kinashika kutu. Salama mchana wa Februari hukauka haraka. Akarudisha ritrakta ikiwa wima, akahakikisha mkanda haujajisokota njiani, akakaza bolti kwa nguvu zake zote. Halafu akajaribu mara tatu. Kuvuta polepole: unatoka. Kuvuta kwa kishindo: unafunga. Kuachilia: unarudi wote hadi mwisho. Akaniambia niendeshe pale uwanjani polepole, mwendo wa mtu anayekimbia, nikanyage breki, na yeye akiwa amekaa kwa kiti cha Susu. Nikakanyaga. Paap. Ukamshika.

Akasema mia tano.

Sasa hebu tulia na hiyo namba. Kwa Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za 2016, faini ya kutofunga mkanda gari likienda ni shilingi 500. Mia tano hiyo ndiyo nilikuwa nakwepa kwa miaka miwili kwa kufundisha watu kuigiza. Na mia tano hiyo hiyo ingemaliza shida siku yoyote niliyotaka. Sikuwa na shida ya pesa. Wikendi moja nje inakula zaidi ya hiyo.

Kesho yake tulienda hospitali. Daktari aliangalia jicho, akaangalia uvimbe chini yake, akasema hawezi kupasua hapo. Mrudi baada ya wiki sita. Susu akasema, "Ni sawa." Mathee hakusema kitu. Mimi nilienda kwa choo cha hospitali nikakaa huko hadi mtu akagonga.

Wiki sita. Mtu ambaye alikuwa ameshasubiri miezi kuona, akaongezewa wiki sita na mjukuu wake. Hiyo ndiyo bei halisi ya mkanda uliokwama. Na nimepata bei ya chini. Najua hivyo. Kama lile gari lingetugonga, singekuwa naandika kuhusu uvimbe. Kugonga kitu ukiwa 50 kwa saa ni kama kuanguka kutoka juu ya ghorofa ya tatu. Hakuna mtu angesimama ghorofa ya tatu akisema "nitajishika na mikono."

Sasa turudi kwa lile swali langu la mwanzo, kwa sababu sidhani niko peke yangu.

Wengi wetu tunaosoma hapa hatukumbuki, wengine hatukuwa tumezaliwa, lakini mikanda kwa matatu ilikuja kwa nguvu kupitia zile zinazoitwa Sheria za Michuki. John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Sheria zilitangazwa 2003 na zikaanza kutekelezwa Februari 1, 2004: mikanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Wazazi wetu wanasimulia vile watu walitembea kwa miguu siku hizo kwa sababu matatu hazikuwa barabarani. Ilifanya kazi kwa sababu watu waliogopa. Na shida ya kitu kilichoingia kwa woga ni kwamba woga ukipungua, kinabaki pambo.

Angalia mat uliyopanda leo. Mkanda uko? Uko. Unafika kwa kufuli? Umefungwa fundo? Una rangi ya nini? Zile kanuni za 2016 zinasema kondakta asipoweka mkanda ukiwa safi, mkavu na wa kuvalika, hilo ni kosa. Iko kwa sheria, wasee. Una haki ya mkanda usionuka. Lakini hakuna anayeuliza, kwa sababu sote tunajua ule mkanda ni wa nani. Ni wa polisi. Tunaufunga tukimuona kwa kizuizi, tunaufungua tukimpita, na tunasaidiana kuigiza. Hata dereva anatuonya kwa huruma: "Fungeni mikanda kidogo." Kidogo.

Mtu atasema, "Hata ukifunga, siku yako ikifika imefika." Sawa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi asilimia 50. Kwa hivyo siku yako inaweza kufika ikupate umefungwa, ikapita. Na huu mkanda wa pointi tatu, wa begani hadi kiunoni, ulibuniwa na injinia wa Uswidi, Nils Bohlin, akiwa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wa magari wautumie. Ulitolewa bure. Sisi ndio tunaufanya uwe mapambo.

Mambo mawili ya mwisho kabla niwaachie, kwa sababu sitaki mtu aumie akiniiga. Moja, gari letu ni la zamani na mkanda wake ni mashine tupu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kitu cha kukaza mkanda wakati wa ajali, na ndani yake kuna baruti ndogo. Hiyo usiguse na spana zako za nyumbani. Peleka kwa fundi anayejua kuzima umeme wa mfumo wa eabegi kwanza. Mbili, mkanda ambao umeshamshika mtu kwenye ajali kubwa unabadilishwa, hautengenezwi. Ukinunua wa mtumba, hujui umeshamshika nani.

Tulimrudisha Susu Nairobi baada ya zile wiki sita. Asubuhi hiyo nilimfunga mkanda mwenyewe. Ukaingia kwa kufuli, ka. Akaushika tena kwa mikono miwili, kama ile siku. Tulienda hivyo hadi karibu na Salama. Halafu akauliza, "Huu ninaweza kuuachilia?"

Nikamwambia, "Achilia, Susu. Unajishika wenyewe."

Akaachilia mkono mmoja. Baada ya Malili akaachilia wa pili. Aliweka mikono yote kwa mapaja, akalala.

Upasuaji ulienda vizuri. Siku ya kumrudisha ushago, bandeji imeshatoka, aliingia kwa gari, akauvuta mkanda mwenyewe, akausogeza karibu na jicho lake jipya, akaukagua kama ndengu. Akasema, "Huu mkanda ni mchafu. Ulisema uliuosha?"

Nimeuosha tena.

Leo ukiingia kwa gari lolote, la mzazi, la rafiki, teksi ya simu, uvute mkanda polepole, halafu uvute kwa kishindo, halafu uachilie. Sekunde kumi. Ukigoma, usiseme "tutaangalia."